Je, picha za Beksiński zinasimulia maisha yake?

Msomaji ameuliza: “Shikamoo, Mwalimu. Kwa muda mrefu nimekuwa nikikutana na picha za mchoraji wa Poland aitwaye Zdzisław Beksiński: makanisa yanayoonekana kama yamejengwa kwa mifupa, watu waliofungwa vitambaa usoni, anga la rangi ya kutu. Nimesoma kwamba alijifungia ndani maisha yake yote, kwamba mwanawe alijiua, na kwamba yeye mwenyewe aliuawa nyumbani kwake. Je, picha hizo ni kumbukumbu za vita na za misiba iliyompata? Na ni sahihi kumwita msurealisti?”

Marahaba. Nitaanza na tarehe, kwa sababu tarehe zenyewe zinajibu sehemu kubwa ya swali lako kabla hatujaingia katika mjadala wa sanaa. Picha unazozieleza, ambazo ndizo zilizompa jina duniani, ni za kipindi kilichoanza mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuisha katikati ya miaka ya 1980. Mkewe, Zofia, alifariki mwaka 1998. Mwanawe wa pekee, Tomasz, alijitoa uhai siku ya mkesha wa Krismasi mwaka 1999. Beksiński mwenyewe aliuawa tarehe 21 Februari 2005. Kwa hiyo yale makanisa ya mifupa na wale watu wasio na nyuso walikuwa wameshachorwa, wamekauka na wametundikwa ukutani zaidi ya miaka 10, na wengine karibu miaka 30, kabla msiba wa kwanza haujabisha hodi. Wakati alipokuwa akiwachora, nyumba yake ilikuwa na mke, mtoto na wazee wa familia, na yeye alikuwa mtu wa makamo ambaye kazi za mikono yake zilikuwa zikitafutwa na wanunuzi.

Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu Beksiński amepatwa na balaa la kusomwa kinyumenyume. Watu hukichukua kifo cha mwaka 2005, wakakishika mkononi kama taa, wakaingia nacho katika picha ya mwaka 1973, kisha wakastaajabu kwamba kila kona wanayoimulika inawaonyesha kifo. Taa hiyo wameileta wao. Ukiizima, unabaki na picha yenyewe, na hapo ndipo kazi ya kutazama inapoanza.

Suala la vita ni gumu zaidi, na sitalijibu kwa mkato. Beksiński alizaliwa tarehe 24 Februari 1929 katika mji wa Sanok, kusini-mashariki mwa Poland, kando ya mto San. Alikuwa na miaka 10 Ujerumani ilipoivamia nchi yake mnamo Septemba 1939. Mto huo uliopita pembeni mwa mji wao uligeuzwa kuwa mpaka kati ya eneo lililotwaliwa na Wajerumani na lile lililotwaliwa na Wasovieti, na ukabaki hivyo hadi mwaka 1941. Wayahudi walikuwa sehemu kubwa ya wakazi wa Sanok kabla ya vita. Mwaka 1942 walikusanywa katika kambi ya Zasław, jirani na mji, na wengi wao wakapelekwa kuangamizwa huko Bełżec. Mtoto aliyekulia mahali kama hapo hakuweza kufika umri wa kunyoa ndevu bila kujua mwili wa binadamu unaweza kufanywa nini. Kusema kwamba vita havimo kabisa katika picha zake kungekuwa ni kujifanya kipofu.

Hata hivyo, tazama anachokiacha nje. Hapa na pale hutokea kofia ya chuma inayofanana na ya askari, au mji unaowaka mbali kwenye upeo wa macho, lakini hakuna vita vyenye jina. Huwezi kuitambua bendera, wala mwaka, wala upande. Hakuna mkosaji na hakuna mtendewa. Mchoraji anayekumbuka vita kwa makusudi, anayetaka ulimwengu ushuhudie, huacha alama za kumwezesha mtazamaji kujua ni nani alimfanyia nani nini. Beksiński alizifuta alama hizo zote, na alifanya hivyo kwa uangalifu mno hivi kwamba haiwezekani iwe bahati mbaya. Alipoulizwa, na aliulizwa mara nyingi kuliko alivyopenda, alijibu kwamba maana haimhusu, kwamba hajali ishara wala mafumbo, na kwamba anachora anachokichora bila kuwa na hadithi kichwani. Alidai hata kwamba baadhi ya picha zake zimeeleweka vibaya, kwa sababu yeye aliziona kuwa za matumaini, na nyingine za kuchekesha.

Wapo wanaolichukulia jibu hilo kama la mtu anayejificha. Mimi namwamini, ingawa si kwa sababu mchoraji ndiye mwenye neno la mwisho juu ya kazi yake. Wachoraji wengi hawajui wanabeba nini. Namwamini kwa sababu ya namna vitu vinavyotumika ndani ya picha zake. Chukua msalaba, ambao kwake mara nyingi una umbo la herufi T, bila kichwa juu. Ungekuwa ishara ya dini, ungetarajia utendewe kama ishara: uwekwe mahali pa heshima, au uvunjwe kwa kusudi la kukufuru. Kwake msalaba ni mstari wima na mstari wa kulala, kitu cha kusimamisha picha isianguke, na mara nyingi mwili ulio juu yake umeungana nao hadi huwezi kusema ubao unaishia wapi na nyama inaanzia wapi. Anayefikiri kwa namna hiyo anafikiri kwa maumbo. Kumbukumbu inaweza kuwa imempa udongo, lakini alichokifinyanga ni chungu, na chungu hakisimulii habari za shimo la udongo.

Inafaa sasa nikueleze alivyofika hapo, maana njia yenyewe ni ya ajabu na hueleza mengi kuhusu huko kujifungia unakokutaja.

Beksiński hakusomea uchoraji. Alisomea usanifu majengo mjini Kraków na kuhitimu mwaka 1952, katika miaka ile ambayo serikali ya kikomunisti ya Poland ilikuwa imeamuru kwamba sanaa yote, usanifu ukiwemo, ifuate uhalisia wa kijamaa: wafanyakazi wenye vifua vipana, trekta, nyuso zinazotazama kesho. Alipangiwa kazi ya kusimamia ujenzi, kazi aliyoichukia waziwazi, na mwaka 1955 alirudi Sanok pamoja na Zofia, ambaye alimwoa mwaka 1951. Baadaye alipata ajira katika kiwanda cha mabasi cha mji huo akibuni maumbo ya magari, katika kiwanda ambacho chimbuko lake ni karakana iliyoanzishwa katika karne ya 19 na watu wawili, mmoja wao akiwa baba wa babu yake. Mtu huyu alikuwa na mizizi mirefu mahali pamoja, na aliondoka hapo kwa shida.

Sanaa yake ya kwanza ya maana ilikuwa upigaji picha. Mwaka 1957 alitengeneza picha aliyoiita “Gorset sadysty”, yaani gwanda la kubana la mtu anayefurahia kutesa, inayoonyesha mwili wa mwanamke uliozungushwa kamba nyembamba hadi nyama inafura kati ya kamba moja na nyingine. Ilizua mtafaruku miongoni mwa wapiga picha waliokuwa wamezoea mandhari na nyuso zenye mwanga mzuri. Mwaka 1959 alishiriki na wenzake wawili, Jerzy Lewczyński na Bronisław Schlabs, katika maonyesho ya faragha mjini Gliwice, ambayo mhakiki mmoja aliyapachika jina la “Antyfotografia”, na jina hilo ndilo lililobaki katika historia ya upigaji picha wa Poland. Ukizitazama picha hizo leo unakuta tayari nyuso zilizofungwa, miili iliyokatwa na fremu, kuta zilizochakaa, ardhi tupu. Vitu ambavyo msomaji wa mtandaoni hudhani vilitokana na misiba ya uzeeni vilikuwa mkononi mwake akiwa hajafika miaka 30, na mwanamke aliyekaa mbele ya kamera yake mara nyingi alikuwa mkewe, kijana na mzima.

Aliacha kamera kwa sababu ambayo kwangu ni ufunguo wa kazi yake yote: kamera inaweza kunasa tu kile kilichokuwepo. Inaweza kukikata, kukitia giza, kukiunganisha na kingine, lakini lazima kwanza kitu kiwe mbele yake. Yeye alitaka kunasa kwa usahihi uleule kitu ambacho hakijawahi kuwepo. Alipita katika kazi za bapa zenye maumbo yaliyoinuka, alizozitengeneza kwa mabati na nyaya, kisha katika michoro ya penseli na wino, na hatimaye akafika kwenye rangi za mafuta. Mwaka 1964 mhakiki Janusz Bogucki alimwandalia maonyesho mjini Warsaw, na kazi zote zilizotundikwa zikanunuliwa. Alikuwa na miaka 35, hana cheti cha shule yoyote ya sanaa, na anaishi katika mji mdogo ambao wakosoaji wa mji mkuu hawakuwa na sababu ya kuutembelea.

Nije sasa kwenye kujifungia, maana hapa hadithi inayozunguka ina ukweli nusu. Ni kweli kwamba Beksiński aliepuka sherehe za ufunguzi wa maonyesho, hata ya kwake mwenyewe. Ni kweli kwamba hakupenda kusafiri, kwamba majumba ya makumbusho hayakumvuta, na kwamba kazi zake zilifika Paris huku yeye akibaki nyumbani. Lakini aliyejifungia kwa maana ya kukata watu hakuwa yeye. Waliomfahamu walimweleza kuwa mcheshi, mpole, mwenye haya kidogo, na mwenye kupenda mazungumzo marefu. Aliandika barua kwa wingi wa kushangaza. Alirekodi sauti yake kwenye kanda kama mtu anayeandika shajara, na baadaye aliponunua kamera ya video aliwarekodi watu wa nyumbani kwake wakila, wakibishana, wakiugua. Intaneti ilipofika aliipokea kwa furaha. Kwa jumla alikuwa mtu aliyefunga mlango wa barabarani na kuacha madirisha yote wazi.

Kujitenga kwake kulikuwa utaratibu wa kazi. Alichora kila siku, na alichora muziki ukiwa umefunguliwa kwa sauti kubwa, kwa kuwa hakuvumilia ukimya. Alisema mara kadhaa kwamba muziki ndio uliomsukuma zaidi kuliko picha za wachoraji wengine au vitabu. Nakuomba ulichukulie jambo hilo kwa uzito, kwa maana linaeleza kwa nini picha zake hazitafsiriki kuwa sentensi. Mtu akisikiliza simfoni haulizi ala ya tatu ilikuwa na maana gani kisiasa. Anafuata jinsi sauti inavyopanda, inavyojirudia na inavyovunjika. Picha ya Beksiński inaomba kufuatwa kwa namna hiyohiyo. Familia ilipohamia Warsaw, ilipangiwa makazi katika ghorofa za mtaa wa Służew nad Dolinką, kwenye barabara inayoitwa Sonaty, jina la kimuziki. Hakuichagua kwa ajili hiyo, lakini kila ninapoliona jina hilo huona kwamba lilimpata mwenyewe.

Kuhama huko kulitokea mwaka 1977, kwa sababu nyumba ya familia mjini Sanok ilikuwa imepangiwa kubomolewa. Kabla ya kuondoka alichagua baadhi ya kazi zake, akazichoma moto uani. Nyingine hazikumridhisha, na nyingine zilikuwa za ndani mno kiasi kwamba hakutaka jicho la mtu lizione. Watu hupenda kulieleza tukio hilo kama wazimu wa msanii. Kwangu ni jambo la kawaida kabisa kwa fundi anayejua viwango vyake. Lisilo la kawaida ni kwamba alikuwa na ujasiri wa kuamua mwenyewe, akiwa hai, kile ambacho wachoraji wengi huwaachia warithi na wafanyabiashara wakiamue. Hasara ipo, sikatai. Lakini kilichobaki kilibaki kwa idhini yake.

Kuna jambo moja ambalo maelezo mengi kuhusu wasanii wa kujitenga hulipita, nami sitaki kulipita. Mtu hawezi kukaa ndani akichora kwa miongo minne kama hakuna mwingine anayefungua mlango, anayepokea wageni, anayepika na anayewauguza wazee. Katika nyumba ile mtu huyo alikuwa Zofia. Mama mzazi wa Beksiński na mama mzazi wa Zofia waliishi nao Warsaw hadi uzeeni, na mtoto wao Tomasz, ambaye alikuja kuwa mtangazaji wa muziki redioni na mfasiri wa filamu aliyependwa sana nchini mwake, alikuwa na mapambano mazito ya nafsi tangu ujana wake. Utulivu uliouzaa uchoraji ule ulikuwa na gharama, na sehemu kubwa ililipwa na mwanamke ambaye jina lake halimo katika picha yoyote.

Sasa tuzitazame picha zenyewe, kwa kuwa ndizo ulizoziuliza.

Kwa kawaida alichora kwa rangi za mafuta juu ya hadibodi aliyoiandaa mwenyewe. Turubai hupokea brashi kwa kubonyea kidogo na nyuzi zake huonekana chini ya rangi. Hadibodi ni ngumu na laini, haibonyei, na inaruhusu mstari mwembamba kama unywele. Mchoraji aliyezoea meza ya usanifu, anayetaka kila uzi wa kitambaa kilichochanika uhesabike, ana sababu nzuri ya kuichagua. Juu yake aliweka tabaka nyembamba za rangi zinazopitisha mwanga, moja juu ya nyingine, na ndiyo sababu anga lake linaonekana kuwaka kutoka nyuma. Katika nakala zinazozunguka kwenye simu tabaka hizo hupotea, na kinachobaki ni kitisho. Ukisogelea picha halisi, kitisho hurudi nyuma na unachokiona ni subira.

Ipo picha moja unayoifahamu bila shaka: kiumbe kinatambaa kwa viungo virefu kama vya buibui, kichwa kimefungwa bendeji yenye doa la damu, na nyuma yake mji unaungua. Mtandaoni huitwa kwa jina la kutisha, lakini jina hilo hakulitoa yeye. Beksiński hakuzipa picha zake majina kabisa, na kila jina unalolisoma chini ya picha yake ya rangi limewekwa na mtu mwingine. Jaribu kuitazama bila jina. Utaona kwamba miguu ya kiumbe na magofu yaliyo nyuma yake yamejengwa kwa mapigo yaleyale ya wima, kwamba mwekundu wa damu ni ndugu wa mwekundu wa moto, na kwamba bendeji nyeupe ndiyo mahali pekee pa baridi katika picha nzima, ndiyo maana jicho linarudi hapo kila mara. Hofu unayoipata imejengwa hatua kwa hatua, kama fundi anavyojenga tao.

Kisha kuna ile ya katikati ya miaka ya 1980 ya viumbe wawili waliokaa wakiwa wamekumbatiana. Miili yao ni kama mifupa na mishipa iliyosukwa, na haijulikani tena mkono huu ni wa nani. Nimewaonyesha wanafunzi wangu picha hiyo mara nyingi, na karibu kila mara neno la kwanza kutoka kwao huwa “kifo”. Nikiwaacha kimya dakika tano, neno la pili huwa “wanapendana”. Kinachotendeka katika picha hiyo ni kukumbatiana, wala hakuna tendo jingine. Nadhani hapo ndipo Beksiński alipokuwa na haki ya kulalamika kwamba hawamwelewi: aliutengeneza mwili kwa malighafi inayotisha, kisha akaupa mwili huo huruma, na watazamaji wakaishia kwenye malighafi.

Juu ya usurealisti, jibu langu ni kwamba yeye ni jirani yake, hakuwa mkazi. Usurealisti ulikuwa kundi lenye wanachama, mikutano, ugomvi na ilani; André Breton aliitoa ilani ya kwanza mjini Paris mwaka 1924, akiuelezea kama njia ya kuidhihirisha fikra bila usimamizi wa akili. Beksiński alizaliwa miaka mitano baadaye, hakuwahi kuwa katika kundi hilo, na kufanya kazi bila usimamizi wa akili ni jambo ambalo lingemshangaza. Lakini ndani ya usurealisti kulikuwa na mikondo miwili. Mmoja uliuachia mkono utembee wenyewe, kama alivyofanya André Masson. Mwingine, wa akina Salvador Dalí, Yves Tanguy na René Magritte, ulichora mambo yasiyowezekana kwa ufundi wa kuaminika kabisa. Beksiński alisema kwamba angependa kuchora kana kwamba anapiga picha za ndoto kwa kamera, na kauli hiyo inamweka mlangoni mwa mkondo wa pili.

Tofauti yake nao inaonekana vizuri ukimweka karibu na Magritte. Magritte naye aliishi maisha ya kawaida, mbali na vituko, lakini picha zake ni mafumbo ya akili: bomba la tumbaku na maneno yanayokana kwamba ni bomba. Aliwapa watazamaji majina ya picha yaliyopotosha kwa makusudi, kwa sababu ugomvi kati ya neno na picha ulikuwa sehemu ya kazi. Beksiński aliliondoa neno kabisa. Hakuna fumbo la kuteguliwa, kwa hiyo hakuna furaha ya kulitegua. Yeye mwenyewe alizungumzia namna mbili za uchoraji wake, akaziita ya kibaroko na ya kigothiki: ya kwanza imejaa, ina kina, mwanga na mandhari, ya pili imekazwa, umbo moja mbele ya uwanda mtupu. Ukimtaja kwa istilahi zake mwenyewe utakuwa umesema jambo la uhakika zaidi kuliko kumwita msurealisti, ingawa sitagombana na mtu anayelitumia neno hilo ili kumwelekeza mgeni.

Namna hiyo ya kigothiki ndiyo iliyotawala kazi zake kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980. Mandhari yanatoweka, moto unazimika, na kinabaki kichwa au kiwiliwili kilichosukwa kwa mistari mingi kama wavu au mizizi. Watazamaji wengi huzipita kazi hizi haraka wakitafuta zile za mifupa na machweo, na mimi naona wanapoteza. Ndizo kazi zake zinazodai zaidi, kwa sababu ameondoa kila kitu ambacho kingemsaidia mtazamaji kujisimulia kisa. Katika miaka ya 1990 alianza pia kuunganisha picha kwa kompyuta, na hapo duara likafungwa: yule kijana wa Sanok aliyeiacha kamera kwa sababu ilinasa tu vilivyokuwepo, sasa alikuwa na mashine ya kuvilazimisha viwe vingine.

Umaarufu wake nje ya Poland ulitokana kwa kiasi kikubwa na mtu mmoja, Piotr Dmochowski, mwanasheria wa asili ya Poland aliyeishi Ufaransa, ambaye tangu miaka ya 1980 alinunua kazi zake kwa wingi na kuzitangaza, na kwa miaka kadhaa aliendesha ukumbi wa maonyesho Paris. Uhusiano wao ulikuwa na mivutano mingi, kama unavyoweza kutarajia kati ya anayetaka kuuza na asiyetaka kutoka nyumbani.

Umetaja kifo chake, na sitakikwepa. Kijana wa miaka 19, mtoto wa mtu ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiwasaidia kazi za nyumbani, alimwomba amkopeshe fedha, akakataliwa, akamuua kwa kisu nyumbani kwake, siku 3 kabla hajatimiza miaka 76. Ni uhalifu wa kawaida kwa namna inayouma, na haukuwa na uhusiano wowote na alichokichora. Naelewa kwa nini watu wanatamani uwe nao: tunaona vigumu kukubali kwamba mtu aliyezichora ndoto kwa uangalifu wa namna ile alikufa kwa ajili ya kiasi kidogo cha fedha. Muuaji alihukumiwa kifungo cha miaka 25.

Kwa kuwa hakubakiwa na mke wala mtoto, urithi wake wote aliuacha kwa Makumbusho ya Kihistoria ya Sanok, na tangu mwaka 2012 kazi hizo zina jengo lake katika ngome ya mji huo, juu ya mto San. Picha 50 nyingine, kutoka mkusanyo wa Dmochowski, ziko Nowa Huta, Kraków. Ukipata nafasi ya kufika kwenye mojawapo, usianze kwa kutafuta kibandiko cha maelezo ukutani. Simama mbali kwanza hadi uione rangi kuu, kisha sogea hadi uone mistari. Hata jina lake hutaliona: alikuwa akitia sahihi na tarehe nyuma ya ubao, upande unaogusa ukuta, ili upande wa mbele usiwe na neno lolote la kusomwa.